Chupa Namba Nne

3 Machi
Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Hapa maabara hatupumui: ziwa linazidi kuwa kijani, samaki wanakufa. Ni fosforasi ya mbolea, inateremka na mvua kutoka mashambani. Ahsante kwa kunijazia chupa za mitaroni nilipougua. Namba nne, ya mtaro wa baba mdogo, imezidi zote mara tisa. Ripoti nimeshapeleka. Wanaweza kumfungia shamba.
Mwanao

10 Machi
Marahaba, mwanangu. Mgongo upo upo tu. Mdogo wangu ameletewa barua: mwisho wa mwezi shamba linafungwa. Anasema umemuuza. Tukikutana njiani anageuza uso. Mahindi yangu yamenona, mbolea nimemwaga mara mbili, lakini sina hata hamu ya kuyatazama.
Baba yako

14 Machi
Baba, shikamoo. Poleni. Maji ya namba nne nikiyatikisa yanatoa povu. Ile chupa uliifanyaje kabla ya kuijaza? Nijibu upesi, tafadhali.
Mwanao

25 Machi
Marahaba, mwanangu. Nisamehe kimya. Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana. Ile chupa ilinidondoka matopeni. Nikaona haya kupeleka uchafu wa ndugu yangu ofisini kwenu, nikaisugua kwa sabuni ya unga mpaka ikang'aa. Nilikuwa namsitiri, wallahi. Ya mtaro wetu nayo niliijaza kule juu, kabla mtaro haujafika kwenye mahindi. Nani anampelekea mwanawe tope?
Baba yako

27 Machi
Shikamoo, baba. Ole wangu! Sabuni hiyo ina fosforasi. Na mimi nilisaini kwamba maji yote nimeteka mwenyewe. Nimemweleza mkuu wangu kila kitu, nikalia mbele ya watu. Nimepewa onyo la mwisho, na shamba la baba mdogo halifungwi mpaka tupime upya. Kesho nakuja kuteka. Sabuni ifiche!
Mwanao

4 Aprili
Baba, shikamoo. Mtaro wa baba mdogo ni safi. Uliozidi ni wetu, pale chini ya mahindi. Nimepima mara tatu, nikiomba niwe nimekosea. Ripoti inaondoka leo mchana, na jina lako nimeliandika mimi. Nisamehe.
Mwanao

9 Aprili
Marahaba, mwanangu. Barua yako nilimpelekea baba yako mdogo, nikasimama mlangoni kwake akiisoma. Nilijua atanicheka. Akaniuliza tu jembe langu liko wapi. Tumeng'oa mahindi hatua kumi kutoka mtaroni, yale yaliyonona kuliko yote, tunapanda nyasi zizuie mbolea. Kama watanifungia, sijui. Naogopa. Njoo upime tena. Maji utayakuta kama yalivyo.
Baba yako