Mama Anasikia Sasa

Mdogo wangu mpendwa, Chiriku,

Nakusalimu kwa mapenzi yangu yote. Hujambo huko? Kikohozi kimekuacha, au bado unakibembeleza kwa chai badala ya kwenda hospitali? Sisi huku wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, na kaka amekipaka chumba cha Mama rangi ya kijani ambayo jirani aliikataa. Utacheka ukiiona.

Najua unasubiri habari za kile kifaa cha masikio. Miezi yote hii umekuwa ukipiga simu jioni ukitoka kazini, Mama anasema ee, ndiyo, haya, kisha ananirudishia. Nami nikawa nakwambia usivunjike moyo, betri ya kifaa chake haifiki jioni. Niliamini hivyo. Sisi watu wa maabara tukiona kitu hakifanyi kazi, tunaanza na betri.

Unaijua kazi yetu: vile vipande vya fuwele, jiwe angavu kama kioo, vidogo hata ukipiga chafya umevipoteza. Ukivipa umeme vinatetemeka, na mtetemo huo ndio unaoiongoza redio ndogo inayopeleka sauti ya simu sikioni. Tatizo, vilikuwa vinakula umeme kupita kiasi. Tulihangaika na kipande chenyewe, tukakisugua, tukakipunguza unene, wapi! Kumbe kimeshikiliwa na vijiguu viwili, na mtetemo ulikuwa unavuja humo, unapotelea chini, betri inalazimika kuufidia kila wakati. Tukachimba vifereji kuvizunguka vijiguu, mtetemo ukifika pale unarudi ndani. Matumizi ya umeme yalishuka karibu nusu. Bosi wetu, mtu asiyecheka hata ukimtekenya, alinishika mkono akanipa hongera.

Nikaomba kifaa cha majaribio nimvalishe Mama. Bosi alikubali shingo upande. Mama alikivaa kutwa nzima, na jua lilipozama betri bado ilikuwa nzima. Aliniambia bomba la jikoni linadondoka. Alimlalamikia kaka kwamba anapiga mluzi ovyo. Nilikwenda kulia bafuni kwa furaha, nisimtie wasiwasi.

Kisha ukapiga wewe. Ndiyo ile simu uliyosema baadaye kwamba safari hii Mama amekusikiliza vizuri, hakukukatiza hata kidogo. Ulifurahi mno. Nilikwambia nitakuandikia. Sasa kaa chini kwanza, mdogo wangu, ndipo uendelee kusoma.

Mama alikusikia, kila neno. Alinisimulia kwamba umehamia ghorofa ya juu, kwamba mwenye nyumba ni mkali, kwamba unashona gauni. Halafu akaniuliza yule aliyepiga ni nani. Nikamwambia ni wewe, kitinda mimba wake. Alitabasamu kwa adabu, vile anavyowatabasamia wageni, akasema hamfahamu, ila ana sauti nzuri na anaelekea kuwa mpweke. Nikamwonyesha picha yako. Akasema mtoto mzuri, akanirudishia.

Nimempeleka kwa daktari. Amesema kinachopotea ni kumbukumbu, na haitarudi. Mimi bado ananijua, ingawa siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Zamani nilikuwa na betri ya kuilaumu. Kazini wanashangilia, wanataka kuvitengeneza vipande hivyo kwa wingi, nami nacheka nao huku moyo unaniuma.

Nakuomba usiache kupiga simu. Najua itakuuma, lakini usiache. Jioni ikikaribia yeye mwenyewe hukigusa kifaa sikioni kuhakikisha kipo. Usimwulize kama anakukumbuka, anaona aibu na siku nzima inamharibikia. Mpigie soga tu, hata za mwenye nyumba wako. Anazipenda.

Jana, nilipokuwa namvua kifaa, aliniuliza kama yule binti wa kwenye simu ana mama yake. Nilimwambia anaye. Akasema afadhali, maana alikuwa ameanza kufikiri tumchukue sisi.

Kaka anakusalimu sana, na jirani pia. Jitunze, ule vizuri, na ukilia usilie peke yako, nipigie.

Ni mimi, akupendaye siku zote,
Dada yako