Jumanne, Sikuteleza

Jumanne, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na yako siwezi kuiuliza. Yangu ni mbaya. Ungekuwepo ungeniambia, "Bukuru, acha kulialia, toa habari." Haya, natoa habari.

Siku hizi sibebi mizigo. Kiuno kimegoma kabisa. Bandarini Kibirizi bado nipo, ila nimehamia kwenye chanja, naanika dagaa na kina mama. Natandaza, nageuza, nafukuza kunguru. Wananiita shangazi, nami naitika, maana nikinuna ndiyo wanazidi. Makuli wenzangu wakipita na magunia wanaangalia pembeni kwa kunionea haya. Wewe ungenicheka wiki nzima, kisha ungeniletea viatu vya kike nijaribu.

Kibanda chako cha viatu pale sokoni Mwanga amekichukua mtu wa makava ya simu. Baiskeli yako ya miguu mitatu iko Ujiji kwa mama yako, sebuleni, kaifunika kanga. Watoto wa jirani wakiisogelea anawafukuza, anawaambia ina mwenyewe. Mimi nikienda pale nakaa nimeipa mgongo.

Jumapili iliyopita nilikwenda uwanjani. Ni mara ya kwanza tangu uondoke. Timu yetu ilikuwa na mchezo mgumu na watu walijaa kuanzia saa saba. Nilifika mpaka chini ya zile ngazi zetu, nikasimama, sikupanda. Wamezitengeneza, Jumanne. Wamezikwangua zikawa na mikwaruzo ili mguu ushike, na kila ngazi wameipaka ukingo mweupe. Zinapendeza. Mlinzi wa geti alinishika bega akasema, "Mzee Bukuru, kwa ajili ya rafiki yako hiyo. Hatateleza mtu tena hapa."

Nikamshukuru. Nilisema asante, Jumanne, kwa mdomo huu huu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda? Siku ya mpira ulikuwa hunywi maji tangu asubuhi, kwa sababu choo cha uwanjani kina vidato vitatu na mlango ambao baiskeli yako haikuweza hata kuuota. Nilikuwa nakulazimisha unywe, unaniambia, "Nikinywa utanipeleka wewe?" Saa nane tunafika getini, baiskeli inabaki kwa mlinzi, mimi napiga goti, wewe unanipanda mgongoni. Ukinivuta sikio la kulia nakwenda kulia, ukivuta la kushoto nakwenda kushoto. Watu walidhani tunafanya mzaha. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaniongoza, maana nikiinama na wewe mgongoni sikuwa naona mbele.

Halafu tukikaa, kila ikitokea hatari golini watu wote wanasimama. Wewe unabaki chini. Siku ile tuliposhinda mabao manne ulitoka ukiwaambia watu, "Leo nimeona matako ya Kigoma nzima, bao sijaliona hata moja." Nilicheka njia nzima. Sikujiuliza hata siku moja kama wewe ulikuwa unacheka.

Ndiyo maana ukaandika ile barua kwa kamati ya uwanja. Uliiandika kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wako ule wa kujivunia, ukaomba vitu vitatu tu. Njia ya mteremko pale geti dogo. Nafasi mbele kabisa, mahali baiskeli inaweza kusimama. Choo chenye mlango mpana. Hukunionyesha. Nilikuja kuisikia ikisomwa kikaoni, nikiwa nimesimama nyuma na makuli wenzangu waliokuja kusikiliza habari za usajili. Ikaniuma. Nikajisemea, kumbe jamaa ameshanichoka. Kumbe mgongo wangu haumtoshi.

Wewe ulikuwa hujachoka na mimi. Ulikuwa unalisikia goti langu likitetemeka chini yako, mwaka mzima, nawe hukutaka kunivunjia heshima kwa kunitamkia. Hilo nimelielewa sasa, kwenye chanja, nikiwa nimeinamia dagaa. Akili yangu huwa inafika baada ya meli kuondoka.

Unajua desturi yetu Kibirizi. Kuli hasemi mzigo mzito mbele ya mwenye mzigo. Hata kama macho yanakutoka, unasema "mwepesi huu, ongeza." Ukitamka kwamba ni mzito, anaitwa mwingine, na kuanzia siku hiyo huna jina. Wazee wetu wa kazi walitufundisha kwamba mzigo ukiuambia mzito unakusikia. Mimi nimeishi na neno hilo tangu nilipoanza kuota ndevu, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote kitu chochote ni kizito. Hata mke wangu aliponikimbia nilisema ni sawa tu.

Basi mwenyekiti akamaliza kusoma barua yako, akavua miwani, akauliza, "Sasa huyu ndugu yetu huwa anaingiaje?" Makuli wakanisukuma mbele. Nikasema, naingia naye mimi. Akauliza, "Na hakulemei?"

Jumanne, mgongo ulikuwa umeshakufa. Usiku nilikuwa silali chali. Asubuhi nilikuwa najiviringisha kutoka kitandani mpaka sakafuni ndipo nisimame. Ilikuwa inatosha niseme, "Mheshimiwa, ananilemea." Maneno mawili. Makuli wananitazama, wewe uko pale mbele kwenye baiskeli umegeuka unanitazama, na mimi nikapanua kifua kama mpumbavu, nikasema, "Huyu? Huyu kwangu ni gunia la pamba. Nitampandisha hata nikizeeka!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti akafurahi sana, akasema undugu wa namna hiyo hata njia ya zege haiufikii. Akamwambia katibu aandike kwamba mwombaji ana msaada wa kutosha. Wakaendelea na mambo ya nyavu za magoli.

Wewe uliangalia mikono yako. Tulirudi Mwanga, wewe unanyonga baiskeli kwa mikono, mimi nasukuma kwenye kilima. Tulipofika kibandani ulisema neno moja, "Umenibeba vizuri leo, Bukuru." Nikadhani unanisifu. Nikalala nikiwa na furaha, ndugu yangu. Ndivyo watu tulivyo.

Na ile siku yenyewe.

Sijawahi kuiandika. Mkono unakataa, ila nitaandika. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika kabla ya saa sita, jua likatoka, upepo wa ziwani ukapiga mpaka vumbi likaanza tena. Ngazi zilikuwa kavu. Nasema zilikuwa kavu, Jumanne. Nilikuwa nimeshapandisha magunia tangu alfajiri na nilikuwa nimemeza vidonge vya maumivu ili nikupeleke. Ulisema, "Leo tukae chini tu, hapa karibu na fensi." Nikakuambia unanidharau. Tukapanda. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilipofika ya tisa kiuno kikakatika, ganzi ikashuka mpaka kwenye unyayo, nikawa sina miguu. Ulinivuta masikio yote mawili kwa pamoja. Tukaenda kinyumenyume, na wewe ukawa chini yangu.

Nilisikia mbavu zako.

Watu walipotuinua wakauliza imekuwaje. Nikasema nimeteleza, mvua. Ilinitoka yenyewe, haraka, kama vile ilikuwa mdomoni inasubiri. Hospitalini nesi akakuuliza wewe, nawe ukasema kwa sauti ile ndogo iliyokuwa imebaki, "Tuliteleza, sista. Ngazi zilikuwa na maji." Ukanitazama. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanisamehe au ulikuwa unanihurumia tu, na sitajua, kwa sababu wiki tatu zilizofuata kifua chako kilijaa, na mpaka unakata roho hatukupata tena kuwa wawili peke yetu.

Siku ya maziko wanaume walijaa uani kwenu Ujiji. Mama yako alitoka mlangoni, akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Aliyembeba akiwa hai ndiye atangulie kumbeba leo." Nikawekwa mbele. Mimi Mkristo, katikati ya kanzu zote zile, nimetangulizwa kwenye jeneza la mtu niliyemuua. Sikusikia maumivu ya kiuno hata kidogo. Hilo nalo limenitesa sana.

Tangu hapo ananiita mwanangu. Wewe ulikuwa mtoto wake wa pekee, unajua mwenyewe. Kila Ijumaa ananiwekea chakula, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, anakaa ananitazama nikila. Ananiambia, "Kula, mwanangu, mgongo wako uliharibika kwa ajili ya Jumanne." Nakula. Akiniongezea, nakula.

Sasa nikurudishe Jumapili. Nikiwa nimesimama pale chini ya ngazi nyeupe, akaja dada mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Anaitwa Zawadi, anatoka Ilagala, kavaa jezi ya timu mpaka mtandio ni wa rangi ya timu. Alifika akaangalia juu, kisha akaangalia kushoto na kulia. Nilijua anatafuta nini. Unajua nilitamani kumwambia nini? Nilitamani kumwambia, dada, njia ya mteremko ilikuwa ijengwe hapo unapoangalia.

Kabla sijafungua mdomo akatokea Elias, yule kuli kijana aliyerithi nafasi yangu gatini. Akapiga goti mbele yake, akageuza shingo, akasema kwa tabasamu lake lote, "Panda dada, wewe kwangu ni unyoya." Watu wakapiga makofi. Zawadi hakutabasamu. Alivuta sketi yake ikafunika magoti, akafumba macho, akapanda. Nami nikaangalia goti la Elias. Ngazi ya nne, Jumanne. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, ngazi ya nne tu, na goti linacheza.

Sikukaa kuangalia mpira. Nilitoka nikatembea mpaka Kibirizi nikakaa kwenye mitumbwi iliyogeuzwa. Nikawaza: wamekwangua ngazi kwa sababu nilisema niliteleza. Ningesema ukweli wangeuliza swali jingine. Barua yako iko kwenye faili lao, na juu yake kuna neno langu. Nilikuangusha kikaoni kwanza, uwanjani nikamalizia tu.

Usidhani nakuandikia ili moyo upoe. Haupoi. Nilikwenda kwa padri, akanipa sala. Nimezisali, na goti la Elias bado naliona.

Kamati inakutana Alhamisi. Nitakwenda. Nitasimama mbele ya makuli wote, Elias akiwemo, nitasema ulikuwa mzito, na kwamba mtu yeyote ni mzito, na kwamba nilidanganya mara mbili. Nitaomba barua yako isomwe tena, vitu vyote vitatu. Nitaomba waandike. Kusema kweli sitegemei kitu. Watasema wamesikia, watasema bajeti, watasema tusubiri msimu ujao. Makuli hawatanipa mkono tena. Hayo nimeyakubali.

Lakini siwezi kumwacha mama yako ayasikie kutoka kwa watu wa sokoni. Kwa hiyo kesho, baada ya swala ya alasiri, nakwenda Ujiji. Sitabeba samaki wala sukari, maana nikienda na kitu mkononi atanishukuru, na akinishukuru nashindwa. Nimeshashindwa hivyo mara tatu. Nitapiga hodi mikono mitupu, nitamwamkia, nitakaa chini kwenye mkeka, nimwambie yote mpaka ile ngazi ya tisa. Nakuahidi hilo, Jumanne. Nimekuahidi mengi nikiwa nimepanua kifua, na hili naliahidi nikiwa nimekaa, nimeinama.

Lala, ndugu yangu. Mungu wako na Mungu wangu akulaze mahali ambapo huhitaji kubebwa. Mimi sikuombi msamaha, kwa sababu najua ungenipa.

Ninamwogopa mama. Siogopi kwamba atanifukuza. Mama yako amebakiwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwita mwanangu, na kesho jioni ninakwenda kumnyang'anya na huyo.

Wako,
Bukuru