Termosi ya Kutoka Gisenyi

Papa,

Mama amesema nikuandikie, labda nitaacha kuongea peke yangu njiani.

Somo letu la siasa linganishi limekwisha. Ni lile ulilonitetea mbele ya ndugu zako waliposema siasa itaniua. Uliwaambia: "Mumuache mutoto asome ile kitu inamuuma." Linauma kweli, Papa. Tunafundishwa dola ni nini, nani ana haki ya kubeba silaha, kwa nini nchi moja inasimama na jirani yake inaanguka. Mwalimu akitaja Kongo, darasa zima la hawa Wabelgiji huku Ubelgiji linageuka kunitazama.

Alitugawa wawili wawili, tulinganishe nchi zetu. Mimi nikapangwa na Aline, msichana wa Gisenyi. Gisenyi, Papa, ng'ambo tu ya mpaka, ambako Mama alizoea kununua maziwa. Tulifanya kazi kama watu wanaoogopana. Yeye aliandika kodi na mahakama za Rwanda, mimi za kwetu. Neno vita kila mmoja alimwachia mwenzake.

Kisha mapigano ya waasi, ambao kwetu wanasema wanasaidiwa na Rwanda, yakaingia mjini kwetu. Uwanja wa ndege ukafungwa, maduka ya dawa ya mtaa wetu wa Ndosho yakafungwa, mengine yakaporwa, na insulini yako ikaisha. Mama alinipigia akilia: "Papa yako hawezi tena kusimama." Nilikuwa maktaba. Aline akaniuliza kuna nini, nikamwambia. Alitoka nje na simu yake.

Alimpigia shangazi yake, muuguzi wa Gisenyi. Mpaka ulipofunguliwa, shangazi huyo alivuka kwa miguu, dawa yako iko ndani ya termosi yenye barafu. Akapanda pikipiki hadi Ndosho, akiulizia nyumba yetu kwa watu waliokunja uso kila waliposikia lafudhi yake. Akafika.

Ulikuwa umetutoka asubuhi ile.

Hakugeuka kurudi. Mama anasema aliweka termosi chini, akaomba kitenge cha kujifunga, akaketi mkekani na wanawake mpaka ulipozikwa. Dawa wakampa muzee Bahati, jirani yetu, anayeugua sukari kama wewe. Yeye yupo. Nafurahi yupo. Nalia pia.

Mimi nilitazama mazishi kwenye simu. Mawe meusi ya volkano, majembe yakigonga, wanaume wakipokezana. Picha ikakatika kabla hawajakushusha.

Siku ya kuwasilisha kazi, Aline alifika kwenye sehemu ya mipaka, akanisukumia karatasi zake. Nikasoma ya kwake, nikasoma na yangu. Mwalimu akauliza hitimisho liko wapi. Nikamwambia hatuna. Akatupunguzia alama.

Papa, nimesoma sababu zote za nchi kuanguka. Hakuna hata moja inayoniambia kwa nini ni wewe. Kwa nini asubuhi, si jioni. Kuna siku simtaki Aline hata karibu, bila kosa lolote lake, halafu anakuja na chakula, tunakula pamoja.

Pumzika, Papa. Sitaacha masomo haya. Likizo ikifika nitakuja kupitia Kigali, maana hakuna njia nyingine. Mama bado hajaweza kurudi makaburini, anasema miguu inakataa. Nakuahidi nitamshika mkono twende wote, hata kama tutafika tu na kusimama pale tukilia.

Mutoto wako,
Neema