Bushi Mbili za Pijo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Ujumbe wa Sahro umeingia nikisahihisha insha za kidato cha tatu. Mfupi: "Nakuja Jumamosi kuchukua gari ya aabo. Nitaendesha mwenyewe."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nikasema kwa sauti, peke yangu mezani, "Gari LA!" Ndipo nikaelewa nilichosoma. Mke wangu anakuja kuchukua gari aondoke nalo, na mimi nimeona ngeli.

Gari ni lake, sibishi. Pijo 504 ya marehemu baba yake, mzee Sugow, aliyekuja nayo kutoka Mandera na kutuachia. Sahro yuko Dadaab mwezi wa nane sasa, mkalimani katika shirika moja. Mkalimani! Wageni wanategemea kile Kiswahili nilichomfanya akionee haya.

Hawezi kuliendesha lilivyo. Goti lake la kushoto liliumia miaka miwili iliyopita kwenye ngazi za hospitali, na klachi ya Pijo ni nzito kama kukanyaga jiwe la kisima. Aliniomba wakati ule tuilegeze. Bulle, fundi wetu, alikuwa na dawa: atoboe tundu jipya kwenye mkono wa pedali, juu ya lile la kiwandani, fimbo inayosukuma klachi ihamie hapo, mguu upate nguvu zaidi kwa kazi ile ile. Nikakataa. Nikahutubu — ndiyo, nilihutubu, kwenye kivuli cha gereji! Kwamba gari la zamani ni kama matini ya zamani, huwezi kuchomeka sentensi zako ndani yake. Kwamba wakarabati ni wahariri wabaya. Maneno mazuri sana. Sahro alisikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani kwa bodaboda.

Nimemjibu: "Litakuwa tayari."

Jumanne, 7 Oktoba

Bulle kafungua chini ya dashibodi, kalala chali, miguu nje. Nikasikia kicheko.

"Maalim! Leo umeruhusu nitoboe? Sheikh amebadilisha fatwa!"

Nikamwambia achape kazi. Yeye na mimi tunaongea Kiswahili, maana kwa miaka kumi na tisa Kisomali chake sikijibu. Ndivyo nilivyoamua: mji huu utajifunza kutamka. Mimi mwenyewe nilijifunza, maana Kisomali hakina P. Nilikuwa na miaka kumi na minane, kizuizi cha darajani, askari wawili wakinirudishia "balisi" na "basiboti" yangu huku wakishika mbavu. Nilienda nyumbani nikashika karatasi mbele ya midomo: papa, pipa, pupa. Karatasi isipotikisika, hujasema P. Mwezi mzima. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea — wala kumwachia mwingine akosee.

Baada ya adhuhuri Bulle akanitumia sauti kwenye simu. Tundu jipya si kitu, ila kuna kingine kilicholika, pedali itayumba mguuni. "Agiza bushi mbili za Bijo, Maalim, haraka."

Nikamwandikia muuzaji wa Nairobi, herufi safi: Pushrodi mbili za Peugeot 504. Mbili? Fimbo ya kusukuma klachi ni moja tu; nikajiambia ya pili ni ya akiba. Muuzaji kaahidi mzigo upande basi kesho.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mzigo umefika. Nikaupeleka gereji mwenyewe, nimejaa fahari.

Bulle akachana boksi. Vyuma viwili virefu kama penseli. Akavitazama. Akanitazama.

"Hii nini?"

"Pushi ulizotaka."

"Mimi nilisema bushi."

"Ndiyo. Pushi."

"Si bushi, Maalim! Bushi!"

Akaona bado nimekodoa macho. Akafanya duara kwa kidole gumba na shahada, akapitisha kidole kingine katikati. Vile vipete vya ndani ya pedali, inapozungukia! Vyake vimelika, vimekuwa kama yai. Bushi. Neno halina P, halijawahi kuwa na P. Bulle alilitamka sawasawa na mimi nikamsahihisha.

"Hii ndefu ni bushrodi," akasema, akiinua chuma. "Ile ya mviringo ni bushi. Hata mbuzi wa hapa gereji anajua." Kisha, polepole: "Miaka kumi na tisa unanidai P. Siku moja nimekuletea B halali, umeikataa."

Mafundi wote walicheka. Nilicheka nao, kwa mara ya kwanza nikiwa upande wa anayechekwa tangu darajani.

Lakini niandike ukweli, hakuna atakayeusoma. Bulle aliposema bushi za Nairobi hazitawahi Jumamosi, nilifurahi. Niliona yote: Sahro amefika, gari limefunguliwa matumbo, analazimika kungoja siku mbili, tatu, nyumbani. Chai. Maongezi. Na kosa si langu, ni la muuzaji! Nilifika hadi geti la nyumba na furaha hiyo.

Kisha nikakumbuka bilau.

Wenzake wa kazi ya zamani walikuja chakula cha mchana, Januari. Sahro akaingia na sinia, akasema kwa furaha, "Karibuni bilau." Nami, kutoka kichwa cha meza: "PI-lau. Tia pumzi." Nikamshikia kitambaa cha karatasi mbele ya mdomo. Mbele ya wageni. Kitambaa hakikutikisika. Wageni wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka wakitaka kuondoka. Akaweka mwiko chini. Hakusema tena neno la Kiswahili katika nyumba hii, na Kisomali chake mimi nilikuwa sikijibu. Wiki tano za kimya, hadi alipoondoka kwenda Dadaab, nikazihesabu ushindi — nilidhani anafanya mazoezi!

Nimesoma makabati mawili ya vitabu. Nimeandikia magazeti barua sijui mia ngapi kuhusu dhuluma.

Nimerudi gereji. Nimemuuliza Bulle nani anaweza kuzichonga hapa hapa mjini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala, kwa Nunow mwenye mashine ya kuchonga. Ijumaa hufunga karakana. Nikamwomba. Nikamwomba kwa Kisomali. Kilitoka kama mlango uliokaa bila mafuta. Bulle akaangalia pembeni kwa adabu, mshenzi yule.

Nunow kachonga mbili, za shaba, nzuri kuliko za kiwandani. Akauliza zinaitwaje.

"Bushi," nikasema.

Bulle: "Imekubaliwa!"

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa nne bushi zimeingia. Tundu jipya, fimbo ile ile ya zamani, urefu wake umerekebishwa. Bulle kakaza, kapiga grisi, kanishika bega, kaniita ndugu. "Jaribu, walaal." Nikakanyaga. Ikashuka kama inasalimia. Miaka miwili! Kazi ya siku moja. Hotuba yangu ilikuwa ndefu kuliko kazi yenyewe.

Alasiri

Amekuja. Gari la shirika limemshusha getini. Begi moja dogo. Nikatoa salamu — waaleykum, basi. Hakuingia ndani. Akaenda moja kwa moja kwa Pijo, akashika paa kwa kiganja, vile alivyokuwa akifanya baba yake. Akaketi. Akakunja goti kwa shida kuketi, niliona.

Akakanyaga klachi. Akaachia. Akakanyaga tena. Mimi nimesimama nje ya dirisha kama mwanafunzi anayengoja alama.

Akasema, kwa Kiswahili, akitazama mbele:

"Bedali imekuwa nyebesi."

Nikamjibu: "Haye. Nyebesi sana."

Wallahi sikukusudia! Ile B ilitoka yenyewe, kwa mdomo niliouacha darajani. Miaka thelathini na tano. Akageuka. Akanitazama usoni, kisha mikono, akitafuta kitambaa. Kama namkejeli au la, aamue mwenyewe. Maelezo yangu anayajua.

"Leta logibuku," akasema.

Nimeingia kuleta hati hiyo ya gari. Hii hapa, mkono wa kushoto. Wa kulia unaandika, sijui kwa nini; nadhani miguu haitaki kutoka. Amewasha injini. Inanguruma taratibu. Namwona kupitia pazia: mikono miwili kwenye usukani, anajaribu gia, ya kwanza, ya pili, anarudisha. Hajaondoka.

Mlango wa abiria niliufunga mimi asubuhi, nakumbuka, kwa nguvu, kwa sababu haushiki. Sasa uko wazi.

Inaweza kuwa ameufungua kwa sababu ya joto tu.