Nilisema Kiti

Jumatatu, 6 Oktoba

Kuni mbichi tena. Moshi, macho, kikohozi. Maharagwe yamekataa kuiva mpaka wanafunzi wakaanza kugonga sahani. Nimesimama tangu alfajiri. Magoti yanawaka.

Ijumaa ya wiki ijayo nastaafu. Mwisho wa jiko la hii shule, na mwisho wa kunuka kabichi kanisani.

Mwalimu Mghoi, katibu wa kamati ya sherehe, amefika mlangoni, amesimama nje moshi usimpate. Ameniuliza ningependa zawadi gani. Nimesema kiti. Cha mbao, chenye mikono na mto, kama kile walichompa Mzee Kilonzo, askari wa lango, alipostaafu mwaka jana. Amecheka. Sijui amecheka nini. Nimerudia: kiti. Ameandika kwa simu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimewaza kiti siku nzima. Nitakiweka barazani hapa Mbololo, niangalie watu wakipita.

Nyumbani tuna kiti kimoja cha maana, na ni cha mume wangu Mwakio. Mgeni akikikalia, anaambiwa ahame. Mimi nina kigoda cha jikoni. Shuleni pia kigoda, na hicho kukikalia ni bahati. Kilonzo sina ubaya naye, ni mtu mpole. Lakini yeye amekaa langoni maisha yake yote, kapewa kiti. Mimi niliyesimama nitapewa nini? Ngazi?

Jumanne, 14 Oktoba

Ni sufuria.

Nimeingia stoo kuchukua unga, nikaona mzigo umefungwa karatasi ya kung'aa. Ukingo umetoboa karatasi. Sufuria! Nimekaa juu ya gunia la mahindi.

Nimemtafuta Mwalimu Mghoi. Ati alisema kiti, wanaume wa kamati wakasema kiti ni cha mzee, mama afurahishwe na vyombo. Ati si napenda kupika? Nani alimwambia napenda? Niliandikwa kazi, nikapika. Mwalimu wa hesabu akistaafu hapewi katoni ya chaki.

Mwakio amefurahi kusikia. Eti sasa tutakula vizuri. Nimempakulia. Chakula amekula mpaka sahani ikang'aa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Upuzi umeongezwa chumvi. Mwalimu mkuu amekuja mwenyewe, mikono nyuma, tabasamu kubwa. Anaomba nipike pilau ya kesho. Sherehe yangu! Ati mkono wangu hauna mpinzani Voi nzima.

Nimesema sawa. Mdomo umezoea. Nimejichukia njia nzima hadi nyumbani.

Lakini jambo moja nimeamua. Sitasema asante. Wakinipa maikrofoni nitasema niliomba nini na nimepewa nini. Mwakio amenusa kitu, ameniambia nisimwaibishe mbele ya watu. Yeye! Nimeenda kuloweka mchele.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepika. Nimepakua. Nikaingia ukumbini nywele zikinuka vitunguu, wakanifunga leso juu ya nguo ile ile ya jikoni, wakapiga makofi. Viti vyote vimejaa. Kiti cha mgeni wa heshima, yaani mimi, kimekaliwa na mtu wa bodi ambaye hata jina langu halijui. Mwakio mstari wa mbele, tai shingoni.

Karatasi imechanwa. Sufuria sita, moja ndani ya nyingine. Mwalimu mkuu ameipindua kubwa ili watu waone kamati ilivyofikiria mbali. Wamezichora jina chini, vile tunavyochora sote ili zirudi zikienda matangani. Zote sita: BW. MWAKIO NA FAMILIA.

Bwana Mwakio! Ambaye hajawahi kuosha hata kijiko. Jina langu halipo hata kwenye kifuniko.

Nikapewa maikrofoni. Yale maneno yote niliyopanga yamepotea. Basi nimechukua ile sufuria kubwa, nimeigeuza chini juu, nimeiweka katikati ya ukumbi, nimeikalia. Imebonyea. Imenishikilia. Nikasema, "Niliomba kiti. Nashukuru, nimekipata."

Halafu nyuma huko wale kina mama wanaofagia madarasa wamepiga vigelegele hadi mabati yakalia. Mwalimu mkuu amecheka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mwakio ameangalia viatu vyake mpaka mwisho.

Mzee Kilonzo alikuwepo. Hakucheka. Amekuja baadaye akiwa na sahani yake, akaniambia kile kiti chake anatundikia nguo. Mwaka jana yeye aliwaomba sufuria. Mkewe alifariki, anajipikia katika kitu kilichotoboka, anaziba na unga. Walimwambia mwanamume na sufuria wapi na wapi.

Kumbe wote wawili. Watu wazima tumeulizwa na hakuna aliyesikilizwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Mwakio haongei nami tangu Ijumaa. Kula anakula.

Kanisani nusu wamenipita kama hawanijui. Wengine wamenibana mkono. Mchana jirani amekuja kuazima sufuria, kuna msiba kwao. Amepindua moja, akasoma jina, akamsifu Mwakio kwa sauti: mume kama huyu, kumnunulia mke vyombo vizima sita! Na Mwakio, aliyekuwa bubu siku mbili, akaitikia asante.

Asante! Nimetoka nje nikatema mate.

Jumatano, 22 Oktoba

Sufuria zimerudi kutoka msibani. Zote, bila kukosa hata moja. Jina limefanya kazi yake. Nimempigia Mzee Kilonzo simu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kilonzo amekuja kutoka Mraru kwa bodaboda, kiti kimefungwa nyuma kwa mpira. Amezichukua sufuria zote, hata iliyobonyea. Nimemwonyesha lile jina. Amesema halina shida, liko upande wa moto, masizi yatalifunika.

Nimekifuta vumbi. Nimekiweka barazani. Mkono mmoja umelegea kidogo. Kimenitosha.

Mwakio ametoka, ameona, ameuliza sasa tutapikia nini. Neno lake la kwanza kwangu wiki nzima. Nimemwambia ile sufuria ya zamani iko mekoni na unga uko kwenye ndoo. Amengoja niinuke. Nami sikuinuka. Ameingia ndani.

Kumekuwa na upepo mzuri kutoka mlimani. Magoti yametulia. Nasikia mwiko unagonga, vibaya, kama mtu anachimba shimo. Ugali utakuwa na madonge.

Nitaula nikiwa nimekaa.