Mabati Uliyotuma Yanaua Kuku

Kijiji cha Omurweya,
S.L.P. 14,
Muleba,
Ziwa Magharibi.

9 Agosti, 1975.

Mpendwa mdogo wangu Clavery,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe na wifi yangu Jovita na mtoto Buberwa. Habari za siku nyingi, na afya zenu je? Kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa Pasaka kimekwisha? Sisi huku hatujambo, isipokuwa mguu wa mama, ambao nitaufikia. Shemeji yako Protase ni mzima, watoto ni wazima, na mimi pia ni mzima. Ni uvumilivu tu ulioniishia.

Barua yako ya Mei tuliipata pamoja na yale mabati kumi. Yalifika Bukoba kwa meli, Protase akayafuata kwa lori la kuomba, na hakuna hata moja lililokunjika. Ahsante sana. Nakushukuru mapema, maana huko mbele sitakuwa na moyo wa kushukuru.

Unajua kwamba tumehamishwa. Tangu mwaka jana tuko huku rweya, kwenye uwanda wa nyasi kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama madawati ya shule. Kwenda kibanja cha zamani, kwenye migomba yetu, ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Migomba tuliyopanda huku bado inanifika kiunoni, kwa hiyo kivuli hakuna. Na mimi, baada ya miaka kumi na minane ya kuolewa, nimepewa kiwanja mlango kwa mlango na mama yangu mzazi. Haya ninayokuandikia sikusimuliwa na mtu, nayaona kila siku kutoka jikoni kwangu.

Kule kibanjani kuku walilala ndani pamoja na watu, mchana wakachakura chini ya migomba, wala hakuna aliyewahi kuwaza kwamba kuku husikia joto. Huku uongozi wa kijiji umekataza kuku kulala ndani. Kila nyumba iwe na banda lake. Sote tukajenga kwa miti na kuezeka nyasi. Mama akakataa nyasi. Akasema mabati kumi hayatoshi nyumba, na nyumba itakusubiri wewe mwenyewe uje uijenge, lakini banda yanalitosha. Nikamshauri ayaweke chini ya kitanda mpaka utakapokuja.

"Yakikaa uvunguni," akaniuliza, "nani atajua kwamba mwana wange ameyatuma?"

Basi likajengwa mbele kabisa, karibu na barabara, ili hata mtu wa baiskeli ayaone bila kupunguza mwendo.

Sasa kiangazi kimekaza. Tangu mwanzo wa Juni hatujaona tone. Ikifika saa sita mchana ukigusa bati unaungua, na mle ndani mimi siwezi kumaliza hata Salamu Maria moja. Kuku wakitoka hawana pa kwenda, uwanja wote ni jua tupu. Wanajibanza ukutani midomo wazi, mabawa wameyatanua, wanahema. Tetea mmoja aliyekuwa akiatamia aliacha mayai kumi na mawili akaenda zake, nami simlaumu. Walikuwa kuku kumi na wanne, wamekufa watano.

Usidhani tumekaa tu. Protase alifungua ukuta sehemu ya chini ili upepo upite. Mimi nilifukia mpaka shingoni chungu kilichomeguka mdomo, nikakitia maji, nayabadilisha asubuhi na adhuhuri. Udongo wa nyuma ya banda naulowesha wapate pa kujilaza. Hayo mama aliyakubali. Halafu nikaenda hadi kibanja cha zamani, nikarudi na mzigo wa majani ya migomba, nikafunika bati lote, na siku hiyo kuku wakatulia. Jioni nikakuta mama ameyafagia yote. Eti yanaficha mabati. Nikaleta tena, akafagia tena, na safari hii akawapa mbuzi wa jirani.

Dawa yake yeye ni maji. Anateremka kisimani bondeni na debe, anapanda nalo kichwani, anasimama juu ya kigoda na kulimwagia bati kwa kibuyu. Linatoa mvuke, kuku wanapiga kelele, na kabla hajashuka limeshakauka. Anarudi kisimani. Mara tatu kwa siku, mara nne, na umri wake unaujua. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Bartholomayo, alikuja kumwambia kwamba maji ya kisima si ya kuogeshea mabati. Akapewa kahawa ya kutafuna, akasifiwa shati, akaondoka hajamaliza alichojia. Padri naye alisema naye baada ya misa. Akapewa mayai.

Alhamisi ya wiki iliyopita kigoda kiliteleza kwenye tope lile lile analolitengeneza mwenyewe, akaanguka. Kifundo cha mguu kikavimba kama embe. Mwuguzi akakifunga, akamwagiza apumzike wiki mbili. Kesho yake saa sita nikasikia maji yanamwagika. Nikatoka mbio, nikamkuta juu ya kigoda kile kile na mguu wake wa kitambaa. Akaniambia nisimkaripie, leo amechota nusu debe tu kwa sababu ya mguu. Clavery, nililia kwa hasira.

Nataka unielewe. Yeye mwenyewe hali kuku wala mayai, kwa mwiko, kama wanawake wote wa rika lake. Lakini kwa miaka sita, kila Jumapili watu walimwuliza unakuja lini. Sasa anawaonyesha bati. Ndiyo maana mimi sithubutu kulishusha, na Protase hathubutu pia.

Kwa hiyo nakuomba, na kama ombi halitoshi nakuamuru kama dada yako mkubwa: mwandikie mama barua yake peke yake, kwa mkono wako. Mwambie umeamua banda liezekwe nyasi, na mabati yatunzwe kwa ajili ya nyumba. Kwa neno lako atatii siku hiyo hiyo. Halafu taja mwezi wa kuja, na uwe mwezi wa kweli. Usitume mabati mengine.

Protase anakusalimu, na shangazi Kokubanza wa Rubafu anakusalimu sana. Mungu awalinde nyote, awape riziki na njia njema ya kurudi nyumbani.

Mama yuko hapa kando yangu anamenya ndizi, mguu ameunyoosha, na anadhani barua hii yote ni maneno yake. Aliyonituma ni haya: kuku wote hawajambo, mabati yanang'aa, usihangaike kwa lolote, na jogoo mwekundu aliyekuwekea kwa siku utakayofika amenenepa sana. Jogoo huyo alikufa Jumatatu. Nilimkuta mama anamzika peke yake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikasirika,

Ephrasia