Kwa Shemeji Aliyechukua Gitaa la Solo

Shemeji yangu Kabeya,

Sina anwani yako. Barua ya kwanza nilimpa mfanyakazi wa reli, ya pili nikampa sista aliyekuwa anakwenda Kamina, na zote hazikujibiwa. Hii naiandika wazi, aisome atakayeisoma. Labda mmoja wa wasomaji anakufahamu: Kabeya wa Likasi, mpiga gitaa la solo wa bendi ya Mwamba Rok, mume wa dada yangu Fina. Ninatumia Kiswahili cha shule ya mapadri, kile ulichozoea kunichekea, kwa sababu kile cha nyumbani nikikiandika kwako nitaishia kutania tu.

Nianze na lile usilolijua, au ulilijua ukanyamaza. Tangu siku tuliyoonana nimekuwa nikikuonea wivu.

Mwamba ilikuwa yangu. Tulikuwa vijana wanne, mchana tunapasua mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Kakontwe, jioni tunapiga gitaa. Binamu yangu mwenye lori alituletea santuri kutoka Kitwe, muziki wa vijana wa Zambia, gitaa linanguruma kama mashine ya kusaga mawe. Waliuita rok. Mtu akatuambia rok maana yake ni mwamba. Tukacheka, tukasema basi huo ni wetu, sisi mwamba tunauvunja kila siku. Jina likapatikana hapo hapo. Mimi ndiye niliyepiga solo, na wasichana wa mtaa wa Panda walikuwa wananiita kwa jina barabarani.

Wewe ulikuja na bisibisi, hukuja na gitaa. Ampli yetu, ile mashine ya kukuza sauti, ilikuwa imekufa, na mtu akasema yuko kijana wa mtaa wa Kikula anayejifunza umeme kiwandani. Uliifungua, ukaipuliza vumbi, ukaunga waya mmoja, ikalia. Ndipo ukasema kwa adabu, "Niijaribu kidogo?" Nikakupa gitaa langu mwenyewe. Ukapiga wimbo wangu, ule nilioutunga kwa miezi miwili, na katikati yake ukakuta kitu ambacho mimi sikukiweka.

Papa Silvano, mpiga ngoma wetu na mkubwa wetu kwa umri, aliweka fimbo zake chini.

"Weye, kamata solo," akakuambia. Akanigeukia. "Na weye mwenye bendi, utamusindikiza."

"Juu ya nini?" nikataka kujua sababu.

"Juu minye pia niko na masikio."

Nikahamia nyuma, kwenye gitaa la kusindikiza, na sikutoka huko tena.

Ile miaka ilikuwa mizuri, siwezi kuikana. Jumamosi katika ukumbi wa wafanyakazi watu walikuwa wanajaa mpaka wengine wanacheza nje kwenye majani. Tulikwenda Kolwezi, tukaenda Lubumbashi tukarekodi santuri moja, nyimbo mbili. Kwenye jalada lake uso wako uko mbele, meno yote nje, na mimi nimetokea kiwiko tu. Mama yangu alilitundika ukutani, akawa anawaonyesha wageni: "Ule mukono, ni wa mutoto wangu." Wimbo wangu watu waliuita wimbo wa Kabeya. Uliwakatalia, tena jukwaani, ukanishika bega ukasema, "Mwenye kuutunga ni huyu." Wakapiga makofi, wiki iliyofuata wakauita tena wimbo wa Kabeya. Kama ungekuwa mtu mbaya, Shemeji, ningepumzika. Ningekuchukia kwa haki. Lakini ulikuwa unanibebea gitaa wakati mgongo unaniuma.

Ulipokuja kumposa Fina nilikataa. Baba akaniita mbele ya wajomba wote.

"Unamukatalia juu ya nini? Ni mulevi?"

"Hapana."

"Hana kazi?"

"Iko na kazi."

"Basi?"

Ningemwambia nini? Kwamba amekwisha kuchukua solo, asichukue na dada? Nikasema haya, mkakubaliwa. Siku ya harusi nilikusindikiza tena: wewe bwana harusi ulipanda jukwaani kwa wimbo mmoja, na ukumbi mzima ukasimama.

Kisha ikaja hii miaka ya tisini. Mishahara ilianza kuchelewa, ikachoka, ikaacha kuja. Viwanda vikanyamaza kimoja kimoja. Sisi tulipiga kwa kupewa unga, mara nyingine kwa chakula cha msiba tu, na wewe ulikuwa unaifungua ile ampli karibu kila wiki ili iishi siku chache zaidi. Halafu yakaanza maneno mitaani kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kwenu wapi? Baba yako aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi huku Katanga kabla hujazaliwa. Wewe na mimi tulizaliwa katika maternite moja, wodi ileile ya wazazi, tukabatizwa na padri mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ni ile Alhamisi ya mazoezi. Waliingia vijana sita, watatu kati yao nawajua kwa majina ya mama zao. Wakasema bendi ya Katanga haiwezi kuongozwa na mgeni. Wakasema hata jina Mwamba ni la watu wa Kasai, wanaowaita hivyo watoto wao, lazima libadilishwe. Papa Silvano akawajibu kwamba jina ni la jiwe. Mmoja akasema, "Mambo ya jina tutaona. Huyu atoke, ao bendi inakufa leo. Mwenye bendi aseme." Wote mkanitazama. Wewe ulikuwa umekaa juu ya sanduku la ampli, unafungua waya wa gitaa, na ukanitazama bila wasiwasi, kama mtu aliye kwa ndugu yake.

Nilinyamaza.

Umekuwa ukidhani niliogopa. Papa Silvano naye alisema hivyo, akanitetea mbele ya watu. Niliogopa, ndiyo. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kikiruka kwa furaha, na kilikuwa kinasema: solo itarudi kwangu. Wanaume wale walikuwa wanaitaka nyumba yako, wengine kazi yako. Mimi nilitaka mahali pako pa kusimama. Nimejipima mbele ya Mungu, na sioni tofauti.

Ulikunja waya, ukauweka vizuri, ukatoka.

Siku ya tatu baada ya watu wa Kasai kufukuzwa majumbani mwao nilikuja stesheni. Mlikuwa maelfu, mmelala kwenye mikeka na chini ya mabati, mnangoja treni isiyo na siku. Sikuja kukuaga. Nilikuja kumchukua Fina, maana yeye ni Musanga, mwenyeji wa hapa, kama mimi, hakuna aliyemfukuza. Alikuwa anapika uji kati ya matofali matatu.

"Twende kwetu," nikamwambia.

"Kwetu ni hapa bwana yangu iko."

"Fina, watu wanakufa hapa kwa kuhara."

Aliendelea kukoroga. Kisha akasema polepole, ili usisikie, "Kaka, ile siku bale batoto sita balikuya, minye nilikuwa ku mulango, nilileta chai. Nilikuona. Haukuogopa weye. Ulifurahi."

Hapo wewe ukaja na ndoo ya maji, ukanikaribisha kwenye mkeka kama tuko sebuleni. Uliniuliza bendi itapiga lini. Ukaniambia, "Ule wimbo wako, ukipiga solo, usikimbie. Ungojee ngoma, ndiyo uingie." Katikati ya vumbi lile, na mtoto wa jirani analia kwa homa, unanifundisha wimbo wangu mwenyewe! Niliondoka kwa hasira. Hasira hiyo ilinisaidia nisilie mpaka nyumbani. Treni ilipokuja sikuwepo.

Nilipiga solo yangu ya kwanza kwenye harusi moja ya Panda. Najua kila kitu ulichokuwa unapiga, vidole vyangu vilikusikiliza tangu ujana. Nilikipiga chote bila kosa. Watu walicheza kwa heshima, kama wanaosikiliza hotuba. Mama mmoja akaja karibu na jukwaa akaniuliza, "Papa, ule mwenye kupigaka siku zote, iko wapi?" Nilimwambia amesafiri.

Na nilikimbia, Shemeji. Uliniambia nisikimbie, nikakimbia.

Bendi ilidumu miezi michache. Mpiga besi akavuka Zambia, Papa Silvano akahamia kwa mtoto wake kulima mahindi. Hakuna aliyetangaza kwamba Mwamba imekwisha, ni kwamba Alhamisi moja sikwenda, kumbe na wenzangu hawakwenda.

Mwezi uliopita mfanyakazi mmoja wa reli aliniambia amekuona Mwene-Ditu, huko Kasai. Una bendi. Inaitwa Mwamba Rok. Mnapiga wimbo wangu, na kabla ya kuanza unalitaja jina langu, na mwimbaji ni mwanamke mrefu mwenye mwanya. Nikajua ni Fina. Alipokuwa hapa nilimkataza kuimba, nilisema si kazi ya mwanamke mwenye heshima. Yule wa reli akasema Fina ana sauti ya kumsimamisha mtu njiani, yeye mwenyewe alisimama mpaka akakosa zamu yake.

Nitakuambia ukweli: sikufurahi. Siku mbili sikuligusa gitaa. Mwamba yako inaishi na yangu imekufa, na dada yangu anaimba mahali nisipoweza kumsikia. Hata kufukuzwa, umefukuzwa vizuri kuliko nilivyobaki mimi.

Siku ya tatu nilikwenda kwa padri, nikamweleza ile Alhamisi. Alitaka kunipa sala za kusali. Nikamwambia sala nitasali, lakini kuna mtu lazima aambiwe kwanza. Ndiye wewe. Sasa umeambiwa, wewe na wote wasomao hapa, na wale vijana sita pia wakisoma.

Njia ikifunguka, na moyo wenu ukikubali, rudini. Msipokubali nitaelewa. Moyo wangu naujua, nitakuonea wivu tena tangu siku ya kwanza. Lakini afadhali nikuonee wivu nikiwa hatua moja nyuma yako, nakusindikiza, kuliko hivi ninavyokuonea kwa kusimuliwa.

Msalimie Fina. Mwambie alisema kweli.

Mimi shemeji yako,
kaka yake Fina